Kibao gani uweke getini: "Mbwa Mkali", "Kuna Mbwa" au uache tu? Na mbwa aking'ata nani analipa

Ukikatiza Mbezi Beach, Goba, Kimara mpaka Kigamboni utaona mageti yaliyoandikwa MBWA MKALI ni mengi kuliko mbwa wakali wenyewe. Kuna walioandika kwa brashi na rangi nyekundu iliyobaki kwenye ujenzi, kuna walionunua stika Kariakoo yenye kichwa cha German Shepherd katoa meno nje, na kuna wasioweka kitu kabisa wakati ndani kuna jibwa kama ndama. Mtu aliyehamia juzi akaletewa mbwa wa ulinzi anakuwa na maswali mawili: kibao kipi kinafaa, na je nikishaweka, mtu aking'atwa si kajitakia mwenyewe?

Hili la pili nalijibu mapema maana ndo linalopoteza watu: hapana, sio moja kwa moja. Kibao kinasaidia ila hakilipi fidia kwa niaba yako, na kuna kibao kinaweza hata kukugeuka mahakamani. Kwa hiyo tuanze na sheria kidogo halafu ndo tulinganishe, kwa sababu ukichagua kibao kwa kuangalia picha nzuri ya mbwa unakuwa umenunua pambo la geti.

Mahakama inaangalia nini

Madai ya kung'atwa na mbwa huku Tanzania Bara yanaegemea kanuni za Kiingereza tulizorithi, ile common law, ambayo iliingizwa na sheria mnayosikia mawakili wanaiita JALA, na inachukuliwa kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Hiyo tarehe ina uzito kwenye jambo hili. Waingereza wenyewe walishabadilisha mambo yao, wakatunga sheria ya wanyama mwaka 1971 na ya mbwa wa ulinzi mwaka 1975, sasa mtu anagugo anasoma ya kule afu anakuja kubishana nayo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa Ubungo. Zile za baada ya 1920 kwetu ni za kujifunzia, hakimu anaweza kuziangalia lakini hazimfungi.

Kwa kanuni hizo za zamani aliyeng'atwa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mbwa wako alikuwa na tabia ya kushambulia watu na wewe ulikuwa unajua. Akithibitisha hayo mawili umekwisha, hata ukisema nilimfunga vizuri ila mnyororo ndo ukakatika, unawajibika tu. Na sio kweli yale maneno ya vijiweni kwamba mbwa anaruhusiwa kung'ata mara ya kwanza bure, kwa sababu kujua kwako kunaweza kuthibitishwa hata kama hajawahi kumtia mtu jino, inatosha kwamba alikuwa na kawaida ya kurukia watu na wewe ulikuwa unaona na kucheka. Njia ya pili ni uzembe wa kawaida. Hapa mbwa anaweza kuwa mpole miaka yote, ila siku hiyo uliacha geti wazi, au ulimtoa matembezi bila kamba muda ambao watoto wanatoka shule, basi unadaiwa kwa kutochukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua.

Juu ya hayo kuna jinai. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 inamgusa mtu anayeacha, kwa uzembe unaoweza kuumiza wengine, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Hiyo ni kesi ya polisi, sio ya fidia, na hapo ndo PF3 ya majeruhi, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inapoanza kufanya kazi. Hizi mbili zinaweza kwenda pamoja, ushtakiwe na ulipe. Na madai ya fidia yana muda wa miaka mitatu, kwa hiyo jirani akikaa kimya miezi sita usidhani kasamehe, inawezekana anakusanya risiti za hospitali.

Kuna kesi mbili kuukuu za Kiingereza, zote za kabla ya hiyo 1920, ukizielewa hizo umeelewa karibu kila kitu. Moja ni Brock v Copeland ya 1794. Yadi ya seremala, mbwa mchana anafungwa, usiku yadi ikishafungwa anaachiwa, msimamizi wa kazi wa hapo hapo akaingia usiku wakati yadi imeshafungwa, akararuliwa, na fidia akakosa. Nyingine ni Sarch v Blackburn ya 1830, mtu kang'atwa na mbwa, mwenye mbwa anajitetea kwamba bango la tahadhari lilikuwepo, kumbe aliyeng'atwa hajui kusoma. Jaji akaona bango hilo halimsaidii mwenye mbwa. Akaeleza pia kwamba mtu ana haki kabisa ya kufuga mbwa mkali alinde mali yake, ila hana haki ya kumuweka kwenye njia ya kufikia nyumba, mahali ambapo mtu aliyekuja kwa jambo halali anaweza kuumizwa.

Kwa hiyo kinachoamua zaidi ni mbwa alikuwa wapi, saa ngapi, na yule mtu alikuwa na sababu gani ya kuwa pale. Kibao kinakuja kama nyongeza kwenye hayo, na tukilinganisha vibao tulinganishe kwa kipimo hicho hicho: kipi kinamsimamisha mtu mwema kabla hajakutana na mbwa.

"MBWA MKALI" na "KUNA MBWA, USIFUNGUE, BONYEZA KENGELE"

MBWA MKALI sifa yake ni ufupi. Kuanzia Mbagala mpaka Bunju hakuna anayejua kusoma asiyekielewa, herufi unaziweka kubwa, zinaonekana toka ng'ambo ya barabara, na fundi yeyote wa kuandika mabango anakuandikia fasta.

Ila angalia kinachotokea pale getini. Kijana wa boda kaleta oda, anasoma MBWA MKALI, anapiga hodi. Kimya. Anagonga bati kwa funguo ya pikipiki. Kimya. Anapiga simu, bosi yuko kwenye kikao hapokei. Ana oda zingine mbili zinasubiri. Anaingiza mkono kwenye kile kitundu cha kimlango kidogo, anavuta komeo, anachungulia kichwa, "wenyewe mpo?" Kibao kimemwambia mbwa yukoje, hakijamwambia yeye afanye nini, na kwa utamaduni wetu wa hodi mtu asipojibiwa anasogea mbele kidogo, hivyo ndo tulivyolelewa.

Shida ya pili ni ile niliyosema ya kugeuka. Wakili wa upande wa pili anatakiwa athibitishe ulijua mbwa wako ni hatari, halafu anakuta umeandika mwenyewe kwa herufi za sentimita ishirini. Sio kwamba kibao peke yake kitakuangusha, unaweza kujitetea kwamba kila mtu mtaani anaandika hivyo na mbwa wako ni mvivu anayelala kutwa chini ya mwembe, na hakimu anaweza kukubali. Lakini kwa nini uanze kesi ukiwa unajieleza?

KUNA MBWA. USIFUNGUE GETI. BONYEZA KENGELE USUBIRI. Hiki ni kirefu zaidi, na ndo ninachokipendekeza mimi. Kinasema ukweli bila kumpa mbwa sifa, halafu kinampa mgeni kazi ya kufanya. Akikisoma na bado akafungua, hapo mazungumzo yanabadilika, unaweza kusema amechangia kuumia kwake na mahakama ikapunguza fidia kwa kiasi cha uzembe wake, au ikaona kwamba alijiingiza kwenye hatari akiwa anajua. Na hata kabla ya mahakama, ukweli ni kwamba watu wengi wakiambiwa wasubiri wanasubiri.

Udhaifu wake ni kwamba unatakiwa ukitimize. Kengele iwepo na ilie. Sasa hapa Dar umeme ukikatika kengele ya ukutani inakufa, mgeni anabonyeza weee, anarudi kwenye komeo. Weka ya betri, au hata ile ya kizamani ya kuvuta kamba, au nunua kidubwasha cha chuma cha kugongea geti ukifungie pale pale chini ya kibao. Wengine wanaandika namba ya simu kwenye kibao na inasaidia sana watu wa delivari, mimi ningeweka laini ya pembeni ya mlinzi au ya nyumba, sio namba yako ya benki na mitandao, matapeli nao wanasoma mageti.

Kuna hoja kwamba kibao cha upole hakimtishi mwizi. Mi naona mwizi hatishwi na neno mkali, anatishwa na kubweka, na akiamua kuingia anachunguza siku mbili tatu kupitia watoto wa mtaa, kibao chako wala hana habari nacho. Aliye na shida na kibao ni mama anayepita kuuza mboga, msoma mita wa DAWASA, mtoto aliyefuata mpira na shangazi yako wa Morogoro aliyekuja bila taarifa.

Picha, lugha, na kutoweka kabisa

Picha ni ya lazima, hapa sina mjadala. Mtoto wa miaka minne hasomi, wazee wengine hawasomi, na mgeni wa kutoka nje anayepanga Masaki hajui Kiswahili. Warumi wenyewe walikuwa na akili hiyo, kule Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, kuna mlango wenye picha ya mbwa mwenye mnyororo iliyotengenezwa kwa vijiwe sakafuni na chini yake maneno CAVE CANEM, yaani picha na maandishi pamoja. Chagua picha ya mbwa mzima aliyesimama na alama nyekundu ya mkono wa kuzuia. Ile ya meno na mate inaturudisha kwenye MBWA MKALI kwa mlango wa nyuma, na ile ya kambwa kanakotabasamu kama kwenye mfuko wa chakula cha mbwa itawaita watoto.

Vile vibao vya Kiingereza kitupu vinavyouzwa supamaketi ni vizuri kwa macho, vimekatwa kwa lesa, vinang'aa. Lakini nani anakuja getini kwako kila siku? Kama ni fundi bomba, muuza maji na dada wa kufua, umeandika kwa lugha ya majirani ambao hata hawakutembelei, na hoja ya mwaka 1830 ya bango lisilosomeka inakusubiri. Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo ukitaka.

Sasa wale wajanja. Wanasema nisipoweka kibao hakuna ushahidi kwamba nilijua mbwa ni mkali, kwa hiyo bora nikae kimya. Inasikika vizuri kwenye glasi ya jioni. Ukifika kwenye ushahidi anaitwa jirani aliyemrudisha mtoto ndani mara ngapi sijui, anaitwa dada wa kazi uliyemwambia asimsogelee akila, anaitwa daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja ukamwambia ngoja tumfunge mdomo kwanza. Ujuzi wako umejaa mtaa mzima. Na kwa ile njia ya uzembe ndo umejimaliza kabisa, ulijua na hukumwambia mtu.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye sheria lakini kwa Dar ni kubwa. Majirani wengi ni Waislamu, mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu kavaa kanzu yake anaenda msikitini Ijumaa, anapitia kwako kutoa taarifa ya msiba, mbwa hata asipong'ata akimrukia tu na kumlamba umemharibia safari, inabidi arudi kujitwaharisha. Kibao cha KUNA MBWA ni adabu kwa watu kama hao, wanajua wakuite ukiwa nje.

Kibao bila mbwa sitakipotezea muda, hakina kesi, hakina ulinzi, wiki mbili mtaa mzima unajua.

Kibao kinakaa wapi

Wengi wanabandika kwenye bawa la geti lenyewe, na ndo sehemu mbaya kuliko zote. Geti zetu nyingi zinafunguka kwa ndani. Jumamosi asubuhi kijana anaosha gari, geti limefunguliwa lote, kibao kimegeukia ukuta wa ndani kinasomwa na mijusi, na huo ndo muda ambao watu wanapita na mbwa kafunguliwa anyooshe miguu. Weka kwenye nguzo, upande wa nje, usawa wa macho ya mtu mzima, na kama mtaa una watoto wengi picha ya pili ndogo chini kidogo. Kama nyumba ina mlango wa nyuma kule kwa wafanyakazi au njia ya kuelekea shimo la maji machafu, nako kiwekwe, hata sheria ile ya Uingereza ya 1975 inadai tangazo kwenye kila mlango wa kuingilia na wana sababu.

Kata maua ya bougainvillea yanayokifunika. Na kisitundikwe katikati ya NYUMBA HII HAIUZWI, HATARI UMEME, KAMERA 24 na MAWASILIANO YA DALALI HAYATAKIWI, geti lingine linasomeka mpaka mtu anachoka, la mbwa linapotea humo.

Kuhusu vifaa niseme kwa haraka: rangi ya mkono kwenye bati ni rahisi ila nyekundu inapauka kwa jua kabla ya rangi zingine, kwa hiyo baada ya muda unabaki na fremu nyeusi na maneno hewa. Stika inabanduka kwenye ukuta wenye vumbi, ipige kwenye bati laini. Kwa Kunduchi, Msasani na Kigamboni karibu na bahari, bati la kawaida linaliwa na chumvi, aluminiamu au plastiki nene ndo itakaa. Usiku weka taa juu yake au uchague ile inayorudisha mwanga wa gari.

Nani kang'atwa, na wapi

Mpita njia barabarani, hapa huna pa kukimbilia. Mbwa katoka nje ya geti kamuuma mtu njiani, kibao chako kilikuwa kinaongelea ndani, hakina kazi. Hii ndo aina ya kesi iliyo rahisi zaidi kushindwa na chanzo chake mara nyingi ni geti la umeme lililobaki wazi au mlinzi aliyeenda kununua vocha.

Mgeni halali, fundi, mleta oda, afisa wa serikali ya mtaa. Hawa wana sababu ya kuja mpaka mlangoni. Kibao kizuri kwenye nguzo, kengele inayolia na mbwa ambaye mchana yuko bandani, hapo umesimama vizuri. Kibao kizuri na mbwa anazurura kati ya geti na baraza, hapo bado uko pabaya, kwa sababu umemuweka kwenye njia yenyewe.

Mtoto wa jirani. Mahakama haimpimi mtoto kwa akili ya mtu mzima, kwa hiyo ile hoja ya alisoma akapuuza isahau. Ukuta wenye tundu linalopitisha mtoto ndo uzembe wako, kibao hakizibi tundu.

Dada wa kazi, shamba boi, mlinzi. Watu wanawasahau kabisa hawa wakati ndo wako na mbwa kutwa. Kibao hakiwahusu maana wanalazimika kuingia. Wanachohitaji ni kuonyeshwa mbwa anafungwaje, nani anamlisha, na wasilazimishwe kumfungua kama wanamuogopa. Kwa kampuni au biashara iliyosajili wafanyakazi, kuumia kazini kunaingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hakikisha uko sawa huko kabla haijatokea.

Mwizi wa usiku aliyeruka ukuta. Huyu ndo watu wanapenda kumuongelea na ndo mwepesi kuliko wote. Aliingia bila haki, usiku, eneo limefungwa, mbwa alikuwa kazini kwake. Ila mipaka ipo: ukishamkamata, kakaa chini mikono kichwani, ukamwachia mbwa amfundishe adabu, hapo aliyeshambulia ni wewe, mbwa ni silaha tu uliyotumia.

Uingereza walikuwa na kesi ya namna hii miaka ya 1970, yadi ya magari mabovu mashariki mwa London, mbwa aina ya Alsatian, ndo huyo huyo German Shepherd, ambaye hakufundishwa kaachiwa usiku, bango kubwa lipo na mwanamke aliyeingia alikuwa analijua, akang'atwa usoni. Mahakama ya Rufani ikasema mwenye yadi halipi, kwa kuwa kufuga mbwa pale kulikuwa na mantiki na mama yule aliikubali hatari mwenyewe. Watu wakiisimulia wanaishia hapo. Ila tukio lilikuwa kabla ya ile sheria ya 1975, ambayo sasa kule inataka mbwa wa ulinzi awe na msimamizi wake pale pale akimdhibiti, au awe amefungwa asiweze kuzurura. Jaji mwenyewe aligusia kwamba tukio lile lingetokea baada ya sheria hiyo mambo yangeweza kuwa tofauti. Kwa hiyo msiitumie kama tiketi ya kuachia mbwa usiku kucha na kwenda kulala.

Mnyororo, banda, au kuzurura uani

Mnyororo kutwa ni rahisi kwa mwenye nyumba na mbaya kwa kila mtu mwingine. Mbwa anayefungwa muda wote anakuwa na hasira na woga, siku ukikatika anatoka na vyote. Kuna pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na mnyororo mfupi juani bila maji unaweza kukuingiza humo. Kuzurura uani muda wote ndo kule kwenye njia ya wageni. Banda lenye nafasi nyuma ya nyumba, mchana ndani, usiku geti likishafungwa anatoka, hiyo ndo ile ya seremala wa 1794 na ndo inayokaa vizuri na hali ya Dar. Kama kiwanja kinaruhusu, weka fensi ndogo ya pili ili toka getini mpaka mlangoni kuwe na njia ambayo mbwa haifikii hata akiwa huru. Inagharimu kuliko kibao, najua, ila mimi ningepewa hela ya kimoja ningejenga hiyo fensi na kuandika kibao kwa mkono.

Mbwa wako, au wa kampuni ya ulinzi

Mbwa akiwa wako, wewe unayemtunza ndo unayewajibika. Mpangaji mwenye mbwa asidhani mwenye nyumba atabeba, kwa kawaida anayefuga ndo mwenye mzigo, ila kama komeo la geti ni bovu na umeshamwambia mwenye nyumba, mwambie kwa meseji ya maandishi usiishie kumpigia.

Kampuni inapoleta mbwa na askari wake kwa usiku, mzigo mkubwa unahamia kwao maana mbwa ni wao na askari ni mwajiriwa wao. Hauhami wote. Ukimwambia askari mwachie tu azunguke wewe kalale, au geti bovu ni lako, unaweza kuunganishwa kwenye kesi. Kwa hiyo kwenye mkataba ulizia vitu hivi waandike: mbwa atakuwa na askari wake muda wote, chanjo yake ni ya lini, na kampuni ina bima ya kuumiza watu wengine au haina. Wakikwambia bosi usijali, hiyo sio bima. Bei ya mbwa wa kampuni inauma kila mwezi, ila kwa godauni la Vingunguti au yadi ya magari Tabata ambako usiku hakuna anayeishi pale, mi naona ndo sahihi kuliko kununua mbwa na kumkabidhi mlinzi ambaye hajawahi kushika kamba.

Na awe wako au wa kampuni, chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka na kadi yake itunzwe na hati za nyumba. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali, Mwananyamala, Amana, Temeke, popote palipo karibu, akaanze sindano bila kusubiri, maana kichaa dalili zikishaanza hakina dawa. Gharama za mwanzo lipa wewe mwenye mbwa bila kuvutana, na mkiandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa andikeni kwamba ni msaada wa matibabu na kiasi chake. Mbwa asiuliwe wala kupelekwa kijijini, afungwe achunguzwe siku 10 na afisa mifugo ajulishwe. Ukimficha mbwa unakuwa umeonyesha una kitu cha kuficha, na majeruhi anabaki hajui kama mbwa ni mzima.

Kwa nyumba ya familia yenye uzio kamili chukua KUNA MBWA yenye picha na kengele ya betri, nguzoni. Godauni lisilo na wageni usiku, hata MBWA MKALI itakufaa ukiongeza USIINGIE BAADA YA SAA 12 JIONI, maana pale mtu halali hana njia ya kupita muda huo. Nyumba ya wapangaji sita wenye choo cha nje, uani kuna ndoo za kila mtu na watoto wanatoka usiku kujisaidia, mbwa wa ulinzi wa kuachiwa huyo hana nafasi hapo na hamna kibao cha kumsaidia mwenye nyumba, chukueni hiyo hela mfunge taa mbili na kufuli jipya la geti.